Mbegu tumepewa, fito je?

Ingia duka la pembejeo katika mji wowote wa nyanda za juu, uwe Lushoto, Mbeya au Bukoba, uulizie mbegu ya maharage ya kutambaa. Muuzaji akiwa nayo atakusifia mzigo wake: yanazaa kuliko maharage mafupi, yanachumwa kwa awamu, na baadhi ya aina zinahimili magonjwa yanayoyamaliza maharage ya kawaida. Yote hayo ni kweli. Atakupimia, utalipa, utaondoka. Suala la yatapanda juu ya nini halimo kwenye mazungumzo, na kwenye pakiti, kama limeandikwa, ni mstari mmoja wa mwishomwisho unaosema mimea iwekewe miti. Wiki tatu baadaye mtu yuko bustanini, mashina yanarandaranda hewani, naye anavunja matawi ya mpera wa jirani ili kuokoa jahazi.

Hoja yangu ni fupi. Mti ndio pembejeo ya kwanza ya maharage ya kutambaa, mbegu ni ya pili. Tumekuwa tukiyatangaza kinyumenyume: serikali, miradi, wauza mbegu, na sisi waandishi wa kilimo tumo. Ndiyo maana zao linalomfaa sana mwenye kieneo kidogo nyuma ya nyumba limebaki na sifa ya usumbufu, na watu wamerudi kwenye maharage mafupi wakiamini kwamba mbegu haikuwafaa.

Sifa za zao lenyewe hazina ubishi. Maharage mafupi hukomaa kwa miezi miwili na nusu au mitatu. Yanatoa maua kwa mkupuo, unavuna, basi. Ya kutambaa hukaa shambani miezi mitatu hadi minne, na penye baridi kali zaidi ya hapo, huku yakirefuka na kutoa maua kifundo baada ya kifundo. Eneo lile lile likitunzwa vizuri hutoa mara mbili hata tatu ya yale mafupi. Kwa kuwa yanaishi muda mrefu na kuwa na majani mengi, hunasa pia naitrojeni nyingi zaidi, na mabaki yake yakirudishwa kwenye kituta udongo unafaidi. Jikoni ndiko yanakopendwa zaidi: mtu anachuma majani machanga ya mboga, kisha maganda mabichi, kisha maharage mabichi ya kumenya, na mwisho makavu ya akiba, yote kutoka kituta kimoja. Lakini faida hizo ziko kuanzia kimo cha goti kwenda juu. Ondoa fito uone. Mmea unarundikana chini, unajifunika wenyewe, maganda yanagusa udongo yanaoza, na mwenye maharage mafupi anakucheka.

Sasa hesabu, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Rwanda, nchi inayoyajua maharage haya kuliko jirani yake yeyote, watafiti wamekuwa wakipendekeza fito 50,000 kwa hekta, yaani fito tano kwa kila mita moja ya mraba. Chukua fito ya mita mbili, zilaze zote za hekta moja kichwa kwa mkia: utapata kilomita 100. Umetoka Dar es Salaam na Chalinze inakaribia. Kwa ekari ni kama fito 20,000. Mkulima wa kawaida hafiki huko. Wengi husimika nusu ya idadi hiyo au pungufu, wanaongeza mbegu kwenye kila shimo, na fito moja inabebeshwa mashina matano au sita yanayogombea mwanga.

Geuza hesabu hiyo hiyo iwe ya nyumbani. Kituta cha urefu wa mita tano, mistari miwili iliyoachana sentimita 70 hivi, fito kila nusu mita: ni fito 22. Hizo mtu anazipata. Anazikata Jumamosi asubuhi, anazisimika kabla ya chakula cha mchana, na kila moja anaiotesha mbegu mbili au tatu. Hapo ndipo ninapopingana na wanaoyapigia debe maharage ya kutambaa kama zao la mashamba makubwa. Mwenye ekari kumi Karatu au Babati aendelee na maharage mafupi, hana sababu ya kuhangaika na msitu wa fito. Haya ni maharage ya bustani kwanza, ya mtu ambaye ardhi imemwishia upande wa chini lakini juu bado kuna nafasi.

Ili kujua fito gani inafaa, lazima ujue mmea unavyopanda. Maharage hayana vikono kama njegere au matango. Kinachoshika ni shina lenyewe. Ncha yake changa huzunguka hewani, polepole, mchana na usiku, mpaka iguse kitu. Ikigusa, inaendelea kuzunguka na hivyo inajisokota juu ya kile ilichokigusa. Charles Darwin aliyapima maharage haya ndani ya nyumba ya kioo na kuyaandika matokeo mwaka 1865. Mzunguko wa kwanza ulichukua saa mbili, na miwili iliyofuata ilichukua saa moja na dakika 55 kila mmoja. Ukitazama kutoka juu, mwendo ni kinyume na ule wa mishale ya saa, na hivyo ndivyo ulivyo Uingereza na hivyo hivyo ulivyo Usambara, upande wa pili wa ikweta.

Wakulima wanalijua hilo bila kitabu. Mama mmoja wa Soni, wilayani Lushoto, alikuwa akinitembeza kwenye vituta vyake akakuta shina lililofungwa kwenye fito kwa kipande cha kitambaa. Akacheka. “Huyu ni mjukuu wangu, ana haraka.” Akalifungua, akalirudisha nyuma taratibu, akalizungusha upande wa pili mara mbili, akaliacha bila kulifunga. Nikamwuliza, “Mama, halitaanguka?” Akanijibu, “Hapana mwanangu. Hapo ndipo linapotaka. Ukilipeleka kwa nguvu upande usio wake linajikunjua usiku, asubuhi unalikuta chini.” Halafu akapita fito zote za mstari ule akikagua kwa kidole kimoja tu, bila kusimama, akilisogeza shina moja hapa na jingine pale. Kazi ya dakika chache. Anasema anaifanya kila akienda kuchuma mboga, kwa wiki mbili za mwanzo. Baada ya hapo mimea inajijua.

Basi unene una maana. Shina linatakiwa liizunguke fito, na likikutana na nguzo nene linashindwa kuikumbatia, linateleza. Unene wa kidole gumba hadi wa mpini wa jembe unatosha. Zaidi ya hapo unapoteza mti bure. Ukwaru nao una maana. Gome lisilomenywa ni zuri kuliko mti uliokwanguliwa, na bomba la plastiki ambalo mafundi wanatuachia uani ni baya kuliko yote. Mmea una vinywele vidogo vilivyopinda ncha, shinani na majanini, vinavyosaidia kushika. Vinywele hivyo vina historia yake nje ya kilimo: katika nchi za Balkani, kama Bulgaria na Serbia, watu walikuwa wakitandaza majani ya maharage sakafuni usiku ili kunguni wanase miguu, na mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha picha za hadubini zikionyesha jinsi kunguni wanavyochomwa na kushikwa na vinywele hivyo. Mwenye kunguni na ajaribu. Sisi turudi kwenye fito.

Maharage ni mgeni Afrika. Yametoka Amerika, na ya kutambaa kwao ni mashamba ya mahindi: mhindi unapandwa, maharage yanaupanda mhindi, boga linatambaa chini. Shamba linajitegemeza lenyewe. Umubano, aina iliyopata jina kubwa Rwanda, asili yake ni milima ya Chiapas, kusini mwa Meksiko, na miaka ya 1980 ilifika kwa wakulima pamoja na aina nyingine kupitia taasisi ya utafiti ya wakati huo, ISAR, ikishirikiana na kituo cha kimataifa cha CIAT chenye makao yake karibu na Cali, Kolombia. Haja ilikuwa kubwa. Ugonjwa wa kuoza mizizi ulikuwa unayamaliza maharage mafupi, na mashamba yalikuwa yanazidi kugawanywa vipande. Watu wa kaskazini mwa nchi hiyo, karibu na volkano, walikuwa na maharage yao ya kutambaa tangu zamani. Hizi aina mpya ziliyapeleka mikoa iliyokuwa haiyajui. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 takribani wakulima wanne kati ya kumi walikuwa nazo. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, mpango wa kimataifa ulioitwa Seeds of Hope ulisaidia kurudisha mbegu za nchi hiyo, maharage yakiwa mbele. Kuanzia 2010 zikaja aina zenye madini mengi ya chuma, na kadhaa kati ya hizo ni za kutambaa. Kwa mbegu, hiyo ni hadithi ya ushindi na sina neno.

Lakini mbegu ilisafiri bila mti wake. Mhindi mrefu wa Chiapas haukuja nayo, na mahindi tunayouziwa leo yamefupishwa makusudi yasianguke kwa upepo. Panda aina yenye nguvu kama Umubano juu ya mhindi huo wa kisasa, utaona mhindi unavyolazwa chini kabla haujakomaa. Wapo wanaofaulu kwa kuchelewesha maharage mpaka mhindi ufike kiunoni, na kwa kutumia aina zisizo na fujo. Ni mbinu nzuri kwa maharage yanayotambaa nusunusu. Kwa yale yanayokwenda mita mbili na nusu, sahau.

Kwa hiyo Rwanda ikahitaji fito, mamilioni kwa mamilioni, katika nchi ambayo tayari ilikuwa na njaa ya kuni. Wakulima wakatumia walichonacho: mabua ya mabingobingo, ambayo yanaisha msimu mmoja, mikaratusi michanga iliyokatwa kabla haijawa nguzo, yaani kuuza boriti ya kesho kwa fito ya leo, matawi ya miti ya mipakani. Asiye na miti ikambidi anunue mafungu sokoni, na asiye na pesa akabaki na maharage mafupi yanayooza mizizi. Tusisahau pia nani anayezibeba. Fito za mlimani zinabebwa kichwani, na mabegani mwa nani kila mtu anajua. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndiyo maana katika ripoti fito inakuwa neno moja tu kwenye orodha ya vifaa.

Kuna jambo jingine ambalo nikilisema watu hucheka, kisha wanakaa kimya. Haragwe linakula mti mara mbili: mara ya kwanza linapopanda, mara ya pili linapopikwa. Sufuria ya maharage makavu ni mzigo wa kuni wa kutosha, hasa kama hayakulowekwa. Ikifika miezi ya mvua, kuni zimelowa, fito kavu za msimu uliopita ziko pale ukutani, nani atazihurumia? Zinaingia jikoni, na msimu ukianza hakuna cha kusimika. Nyumba nyingi hazipotezi fito kwa mchwa wala kwa wezi, zinazipoteza kwenye mafiga. Kwa hiyo anayeloweka maharage usiku kucha kabla ya kuyapika anaokoa fito zake, hata kama hajawahi kulifikiria hivyo.

Turudi bustanini, kwa msomaji mwenye kituta kimoja au viwili. Fito iwe ya mita mbili na nusu, sentimita 40 ziingie ardhini. Najua nyingi zinazouzwa ni za mita moja na nusu, na hapo ndipo ninapopoteza uvumilivu. Fito fupi inakudanganya mwezi mzima. Mimea inapanda vizuri, unafurahi, kisha inafika kileleni na bado ina mita moja ya kukua. Inajikunja, inashuka, inajirundika juu ya nyingine, upepo haupiti, na madoa pembe na kutu vinapata makazi. Mavuno yanashuka, na lawama inaipata mbegu. Kama fito zako ni fupi, panda aina zinazotambaa nusunusu na uridhike nazo.

Zisimikwe lini? Kabla ya kupanda, au siku hiyo hiyo. Ukingoja mpaka mimea ianze kutafuta, ncha zake zitakuwa zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, na kila ukichomeka fito unakata mizizi. Fito mbichi za glirisidia au za mabingobingo zikichomekwa zinachipua, na badala ya kuwa na maharage utakuwa na uzio. Ziache zikauke wiki kadhaa kwanza. Penye mchwa, choma ncha ya chini kwa moto mpaka ipate mkaa wa juujuu. Na msimu ukiisha usiziache zimesimama. Zing'oe, zikwangue masalia ya mimea, zianike jua kali, zifunge mafungu na kuyasimamisha chini ya upenu. Kama kulikuwa na kutu mbaya, fito hizo zihamie kwenye nyanya. Vimelea vya kutu vinaweza kubaki juu ya fito hadi msimu mwingine.

Namna ya kusimika, kila mtu na yake. Fito moja moja zilizosimama wima hupitisha mwanga vizuri lakini zinayumba penye upepo. Fito tatu zilizofungwa vichwa pamoja ni imara, na watoto wanazipenda. Zilizokutanishwa mbili mbili juu ya kituta, na moja ikilazwa katikati kuzishikilia, zinasimama kama paa la kibanda na haziangushwi na mvua ya aina yoyote. Mimi hizo ndizo ninazozipigia kura kwa nyumbani, kwa sababu maganda yananing'inia kwa ndani na kwa nje na unayachuma ukiwa umesimama.

Kisha kuna kamba, na hapa Tanzania tungepaswa kuwa walimu wa dunia. Nguzo mbili imara kwenye ncha za kituta, waya au ufito mmoja juu, mwingine chini, na kati yake kamba zinazoshuka wima kila sentimita 30. Miti unayotumia inapungua sana. Uganda, mradi wa N2Africa uliyajaribu mambo ya kamba na fito tatu tatu pamoja na wakulima wa Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na wa kusini magharibi, kwa sababu hiyo hiyo ya uhaba wa miti. Kamba nzuri kwa kazi hii ni ya katani. Manila inateleza, na msimu ukiisha unakaa kutwa nzima ukichambua mashina makavu kutoka kwenye plastiki. Ya katani unaikata, unaitupa pamoja na mashina kwenye mboji, imekwisha.

Nayo katani, kama maharage, ni ya Meksiko. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na 62 tu ndiyo iliyofika hai hapa mwaka 1893. Mashamba ya mkonge ya Tanga yote chanzo chake ni hiyo. Leo mkulima wa Lushoto akishuka Mombo au Korogwe anakuta mkonge pande zote mbili za barabara, halafu anarudi mlimani na roli la manila la plastiki kutoka nje ya nchi. Wageni wawili kutoka nchi moja wameishi karne nzima, mmoja bondeni na mwingine mlimani, hatujawakutanisha. Viwanda vyetu vya kamba vinalilia soko wakati soko lipo kilomita chache juu yao. Kinachotakiwa ni vipande vifupi, vya bei ya mtu wa kituta kimoja, vinavyouzwa kwenye duka lile lile la mbegu.

Wa mjini wasijione wamesahaulika. Wavu wa uzio ni tegemeo zuri mno; maharage yanaupanda yenyewe, mradi usiwe upande wa kivuli na umkumbuke jirani kwa yale yatakayochungulia kwake. Nondo zilizobaki za ujenzi zinafaa zikiwa zimeshika kutu kidogo, kwa sababu ya ukwaru. Lakini wa Dar es Salaam, Tanga mjini na Mombasa niwaambie ukweli ambao muuza mbegu hatawaambia: maharage haya hayapendi usiku wa joto. Usiku ukibaki juu ya nyuzijoto 20 na kitu, maua yanapukutika na utabaki na ukuta mzuri wa majani. Ninyi pandeni fiwi au ngwara juu ya fito zile zile. Zinavumilia joto, na mboga ni mboga.

Swali kubwa linabaki la wapi fito zitatoka, na jibu la kwenda kuzikata kwenye msitu wa hifadhi silikubali. Zioteshwe. Kaliandra inafaa kuliko miti mingi ninayoijua kwa kazi hii: ndani ya mwaka mmoja hivi unaanza kuikata, inachipua tena, fito zake zimenyooka, majani ni chakula cha mbuzi na ng'ombe. Sesibania inakua haraka zaidi lakini ukiikata chini mno inakufa. Mgrevilea, ambao Lushoto walihimizwa kuupanda tangu enzi za mradi wa SECAP uliokuwa ukipambana na mmomonyoko wa udongo, hutoa matawi kila unapopogolewa, na wengi bado wanayaona matawi hayo kuwa kuni tu. Mkaratusi sina ugomvi nao, ila ukae mbali na bustani, maana unakunywa maji ya kila kilicho karibu. Mianzi penye bonde ni neema: ukipasua mmoja unapata fito kadhaa, na zinadumu misimu.

Nawageukia wenye mamlaka. Mbegu tunazo, wala si za kuazima. Uganda wana NABE 12C na NABE 26C, ile C ya mwisho ikiwa alama ya maharage ya kutambaa. Kenya wana Kenya Tamu, Kenya Mavuno na Kenya Safi. Vituo vyetu vya utafiti vya TARI, kuanzia Uyole hadi Selian na Maruku, vinajua kazi yao. Tunachokosa ni mtu mmoja serikalini ambaye fito ni jukumu lake. Mtafiti wa maharage anasema miti ni ya wenzetu wa misitu. Wa misitu anasema maharage ni ya kilimo. Afisa ugani yuko katikati na pikipiki isiyo na mafuta. Mradi unakuja, unagawa mbegu, unapiga picha, unaondoka kabla ya wiki ya tatu, ile wiki ambayo mashina huanza kutafuta pa kushika.

Tiba yake haihitaji kongamano. Mbegu ya maharage ya kutambaa inayogawiwa kwa fedha za umma au za wafadhili igawiwe pamoja na miche ya miti ya fito, na miche itangulie mwaka mmoja. Mashamba ya miti ya serikali kama Shume na Sao Hill yanapunguza miti na kupogoa. Vijiti vyembamba vinavyobaki vifungwe mafungu na kuuzwa kwa wanavijiji jirani kwa bei ya kueleweka, kwa risiti, ili mtu asikamatwe na askari wa misitu kwa sababu ya kitoweo. Na pakiti ya mbegu iandikwe kwa herufi zinazosomeka: kilo hii inahitaji fito kadhaa, za urefu fulani. Tunaandika kiasi cha mbolea kwa gramu. Idadi ya fito inatushinda nini?

Na wewe msomaji mwenye uwanja wa nyuma huko Njombe, Arusha, Bukoba au Limuru, usinisubiri mimi wala wizara. Kabla ya kununua mbegu, hesabu fito zako. Kama hazifiki 20, masika hii otesha mstari mmoja wa kaliandra mpakani, na maharage yaje msimu wa mwakani.